Baruti Ilizimwa Nchi Kavu: Kisa cha Milipuko katika Mwambao wa Tanzania

Kati ya Machi na Aprili mwaka 2015, katamarani ya tanga, yaani mashua yenye matumbo mawili, ilipita mwambao mzima wa Tanzania ikikokota haidrofoni, yaani kinasa sauti cha chini ya maji. Watafiti waliokuwamo walikuwa wakitafuta pomboo na nyangumi, wanyama ambao mara nyingi husikika kabla hawajaonekana. Walirekodi kwa saa 231 katika njia iliyopangwa ya kilomita 2,692. Pamoja na sauti za wanyama, walinasa milipuko 318 iliyothibitishwa. Karibu asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na huko kasi yake ilifikia karibu milipuko 10 kwa saa.

Yaani bomu moja kila dakika sita, mbele ya jiji ambalo wakati ule lilikuwa na wizara, makao makuu ya polisi na kamandi ya jeshi la wanamaji.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaosoma biolojia ya uhifadhi wa bahari, au wanaofikiria kuisoma, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mihadhara mingi hulipitia juu juu. Mwanafunzi huingia fani hii akiwa na hamu ya kujua samaki, matumbawe na kasa, na hamu hiyo ni njema. Lakini uvuvi wa baruti ulikuwa umejulikana kwa miongo kadhaa. Madhara yake yalijulikana, sheria ya kuukataza ilikuwepo, na bado mabomu yaliendelea kulia. Kilichoukomesha, kwa kadiri ulivyokoma, kilitoka nchi kavu.

Kwanza, bomu lenyewe

Baruti inapolipuka majini, wimbi la mshindo husukuma maji kwa nguvu na kupita katika mwili wa samaki. Samaki wengi wa mifupa wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Hewa hubanwa na kutanuka kwa ghafla kuliko nyama na maji, kwa hiyo kibofu hupasuka, mishipa ya damu hukatika, na uti wa mgongo mara nyingine huvunjika. Changu, tasi, pono, kibua, wote hufa pamoja, wakubwa kwa wadogo, wenye mayai na wasio na mayai. Sehemu ya samaki hao huelea na kuokotwa. Wengine huzama na kuozea chini bila kumfaa mtu yeyote.

Idadi ya samaki inaweza kurudi, kwa sababu mwamba jirani ukiwa mzima utaleta viluwiluwi, yaani vichanga wanaochukuliwa na maji. Mwamba ndio shida kubwa zaidi. Matumbawe makubwa ya jamii ya Porites hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Bonge lenye kimo cha mita mbili lilianza kukua kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja, na huvunjwa kwa mlipuko wa sekunde moja.

Baada ya kuvunjika hubaki kifusi, na kifusi hiki kinastahili kuzingatiwa kuliko kingine chochote katika kisa hiki. Kiluwiluwi cha tumbawe hutafuta mahali pagumu pa kujishikiza, kisha huanza kujenga. Vipande vilivyovunjika havitulii. Mkondo na mawimbi huvibiringisha, na kila vinapobiringika husaga au kufunika kile kilichoanza kuota juu yake. Utafiti uliofanywa Indonesia na Ufilipino ulionyesha tofauti kubwa: shimo la mlipuko mmoja katika mwamba mzima linaweza kupona katika takriban miaka mitano, lakini uwanja mpana wa kifusi uliopigwa tena na tena huendelea kuwa kifusi mwaka baada ya mwaka.

Linganisha hali hiyo na joto. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe katika Bahari ya Hindi, na baadhi ya miamba ya Mafia iliumia vibaya. Tumbawe linalokufa kwa joto huacha mifupa yake imesimama kwa muda. Kizazi kipya hupata pa kushika, samaki wadogo bado wana pa kujificha, na kama maji yakipoa kuna njia ya kurudi. Mwamba uliopigwa bomu hauna hata hiyo mifupa. Ndiyo maana mwanafunzi anayepima asilimia ya matumbawe hai peke yake anakosa nusu ya habari. Apime pia asilimia ya kifusi, na apime kama kifusi hicho kinasogea. Miamba miwili yenye asilimia 15 ya matumbawe hai inaweza kuwa na mustakabali tofauti kabisa.

Sheria haikukosekana

Uvuvi wa baruti Tanzania ulianza kusikika miaka ya 1960 na ukapigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka 1975 visiwa na mafungu ya mbele ya Dar es Salaam, yaani Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Mnazi Bay na mlango wa mto Ruvuma zikafuata mwaka 2000. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliweka kifungo kisichopungua miaka mitano kwa anayevua kwa baruti. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Silikanti Tanga, baada ya samaki huyo wa kale, ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka pamoja na dainosaria, kunaswa mara nyingi katika majarife ya wavuvi wa huko.

Ukizisoma sheria hizi mfululizo utadhani nchi ililindwa vizuri. Kisha unakumbuka kwamba Mbudya na Bongoyo ziko katikati ya eneo lile lile ambako haidrofoni ilinasa milipuko mingi kuliko kwingine kote.

Watu wa pwani hawakukaa kimya. Huko Mtwara, ambako mwaka 1996 mamia ya milipuko yalihesabiwa Mnazi Bay ndani ya miezi miwili, wanavijiji waliungana kudai hatua zichukuliwe. Tanga ulikuwepo mpango wa muda mrefu wa usimamizi wa pwani, ulioanza mwaka 1994, uliowashirikisha wanavijiji katika kufunga baadhi ya miamba na kufanya doria. Serikali nayo ikapeleka jeshi la wanamaji. Ilipofika mwaka 1998 milipuko ilikuwa imekaribia kwisha.

Mwaka 2003 ikarudi, na safari hii iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi.

Kurudi huku ndiko kunakonishughulisha zaidi. Doria ya baharini hufanya kazi pale chombo cha doria kipo. Mafuta yakiisha, mradi ukifika tamati, kamanda akihamishwa, bahari hubaki vile vile na mwenye baruti hubaki vile vile. Oparesheni ya miaka ya 1990 iliwaogopesha watu waliorusha mabomu. Haikugusa vya kutosha watu waliowauzia baruti, waliowanunulia samaki, na waliomiliki boti na injini.

Kwa nini Tanzania, na kwa nini Dar es Salaam

Maelezo yanayotolewa upesi ni umaskini: mvuvi hana kitu, anatumia bomu apate riziki. Maelezo haya nayaona dhaifu, na sababu iko jirani tu. Vuka mpaka uende Kwale, Kilifi au Lamu. Miamba ni ya aina ile ile, samaki ni wale wale, watu wana lugha moja na undugu wa damu, na mvuvi wa mshipi au wa madema wa huko si tajiri kuliko mwenzake wa Kigombe kule Tanga au Kunduchi ya Dar es Salaam. Hata hivyo Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi pekee katika upande huu wa Bahari ya Hindi ambako uvuvi wa baruti ulienea kwa kiwango kikubwa. Kama umaskini ungetosha kueleza jambo hili, Kenya, Msumbiji na Madagaska zingelia mabomu vile vile.

Kilichotofautiana ni upatikanaji wa baruti na uhakika wa kutoadhibiwa. Tanzania ina machimbo mengi ya madini, machimbo ya mawe na kokoto, na ujenzi wa barabara, na vyote hivyo hutumia vilipuzi halali. Kinachohitajika ni mwanya mdogo wa kuvujia. Ukitazama tena ramani ya milipuko 318, wingi wake kuizunguka Dar es Salaam unaanza kueleweka. Jiji lina walaji wengi na soko la samaki la Feri pale Magogoni. Lina barabara zinazoleta bidhaa kutoka bara, na lina wenye mitaji. Huhitaji kusafirisha samaki mbali, nao samaki wa baruti huharibika haraka kwa sababu nyama yao imekwisha kupondeka na damu imevia ndani.

Mpiga baruti, kwa hiyo, mara nyingi ni mkono wa mwisho wa mnyororo mrefu. Juu yake yupo mwenye boti, na pembeni yupo muuza vilipuzi. Mbele yake yupo mchuuzi anayejua kabisa samaki hawa walikufaje. Mvuvi maskini wa kweli katika kisa hiki ni yule wa mshipi anayefika kwenye mwamba aliorithi kutoka kwa babu yake na kukuta changarawe. Yeye ndiye aliyenyang'anywa, na nasikitika kila ninapoona maandishi yanayomweka kapu moja na aliyempora.

Sauti kama ushahidi

Kabla ya mwaka 2015 mjadala ulikuwa ukizunguka palepale. Wanavijiji walisema wanasikia mabomu kila siku. Wazamiaji walitoa taarifa. Ofisini jibu lilikuwa rahisi: hizo ni hadithi, hazina takwimu, pengine zimetiwa chumvi. Doria zilipokwenda hazikukuta mtu, kwa sababu bomu hudumu sekunde moja na boti yenye injini huondoka.

Haidrofoni iliondoa ubishi huo. Sauti majini husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mshindo wa sauti nzito hufika mbali sana. Hivyo chombo kimoja kinaweza kusikiliza eneo kubwa bila kumfukuza mtu. Lakini bahari si mahali pa kimya. Kamba wadogo wanaopiga makoleo yao hujaza mwamba mlio wa kupasuka usiokoma, injini hunguruma, nanga hugonga. Programu ya kompyuta ilitumika kuchuja sauti zilizofanana na mlipuko, kisha watu wakazikagua kabla ya kuzihesabu. Kwa sababu hiyo idadi ile ya 318 haikuweza kupuuzwa kirahisi.

Mwanafunzi anayetaka kutumia mbinu hii lazima ajue pia mipaka yake. Chombo kinachotembea husikia kila kipande cha bahari kwa saa chache tu, kwa hiyo 318 si jumla ya mabomu yaliyopigwa Tanzania katika majuma yale. Ni yale yaliyosikika na kuthibitika mahali chombo kilipokuwa. Nguvu ya takwimu hii iko katika ulinganisho: njia ilipangwa kwa utaratibu mmoja mwambao mzima, basi tofauti kati ya Dar es Salaam na sehemu nyingine ni tofauti ya kweli, haitokani na watafiti kukaa zaidi pale walipopapenda. Ndiyo maana utafiti ulifaa kuelekeza doria na upelelezi uanzie wapi. Na haidrofoni haisemi nani alipiga, wala samaki wangapi walikufa, wala mwamba una hali gani. Hayo yanamhitaji askari, mchuuzi aliyekubali kuzungumza, na mzamiaji mwenye utepe wa kupimia.

Utafiti ulioanza kwa ajili ya pomboo uligeuka kuwa ushahidi kuhusu vilipuzi. Ningependa walimu wa fani hii waliseme hili wazi darasani: anayerekodi kwa uangalifu asitupe kile ambacho hakukitafuta. Milipuko ile ingeweza kuonekana kama kelele zinazoharibu data za wanyama na kufutwa.

Kikosi kazi na kushuka kwa milipuko

Mwaka huo huo wa 2015 kiliundwa kikosi kazi cha pamoja dhidi ya uhalifu wa mazingira, kikiunganisha polisi na idara zinazosimamia uvuvi, misitu na wanyamapori. Mwanzoni wengi walikifahamu kwa upande wa pembe za ndovu. Kuiweka baruti katika kapu moja na ujangili kulibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja.

Kosa likawa la usalama. Afisa uvuvi wa wilaya, mwenye boti moja isiyo na mafuta, hakuwa tena peke yake. Kuwa na vilipuzi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na kosa hilo halihitaji mtu akamatwe akiwa majini na samaki mkononi. Linaweza kuthibitishwa stoo, garini, nyumbani au machimboni. Upelelezi ungeweza kwenda nyuma, kutoka kwa mrushaji hadi kwa muuzaji, na kwenda mbele hadi kwa mnunuzi. Na mwendesha mashtaka aliyewahi kuona kesi ya samaki kama jambo dogo, akiwa na kesi ya vilipuzi mkononi, hawezi kuiona hivyo.

Samaki wenyewe nao wakawa ushahidi. Macho yenye damu, matumbo yaliyopasuka, uti uliovunjika, nyama iliyolegea ingawa samaki ni wa leo: afisa aliyefunzwa huvitambua hivi sokoni. Mchuuzi anapojua kwamba anaweza kukamatwa na bidhaa hiyo, bei yake huanguka, na bei ikianguka mwenye boti hupiga hesabu upya.

Kufikia mwaka 2018 milipuko katika mwambao wa Tanzania ilikuwa imepungua mno. Kwa nchi iliyohangaika na jambo hili karibu nusu karne, hayo ni mafanikio makubwa, na nasema hivyo bila kusita. Wapo wanaoona aibu kuisifu dola inapofanya kazi yake. Mimi naona ni haki kuisifu kwa sehemu hii.

Sehemu nyingine inahitaji ukweli pia. Mwaka 2018 ilikuwepo kampeni ya kitaifa dhidi ya uvuvi haramu iliyochoma nyavu nyingi, na malalamiko ya wavuvi yalifika hadi bungeni. Nyavu zenye macho madogo zina madhara, lakini mtu mwenye wavu usiofaa na mtu mwenye baruti si wahalifu wa daraja moja. Nguvu ile ile ikitumika kwa wote wawili, mvuvi wa kawaida hujifunza kuogopa kila anayevaa sare. Mvuvi huyo ndiye anayejua boti ipi iliondoka alfajiri bila nyavu wala mishipi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile vya BMU (Beach Management Units), vilianzishwa ili taarifa za namna hiyo zipate njia. Ukivivunja moyo, umejiziba masikio wakati haidrofoni moja haiwezi kuwa kila mahali.

Yanayosubiri kupimwa

Milipuko kupungua hakujaurudisha mwamba. Kwa mtafiti, kisa kinaanza upya hapa, na kwa bahati kina mpangilio ambao ni nadra kuupata baharini. Tuna miamba iliyopigwa sana, mingine iliyopigwa kidogo, na mingine isiyoguswa, yote katika mwambao mmoja, na tuna ramani ya sauti ya mwaka 2015 inayoonyesha ukali wa milipuko mahali kwa mahali. Tuna pia wakati ambapo milipuko ilishuka ghafla. Swali linaloweza kujibiwa ni hili: ambako bomu lilikoma lakini kifusi kikabaki, samaki wanaorudi ni wa aina gani? Nadhani walaji wa mwani, kama tasi, watatangulia, na chewa wanaohitaji mapango watachelewa sana. Lakini hayo ni makisio, na makisio yanahitaji utepe, ubao wa kuandikia majini, na mzamiaji atakayerudi mwamba ule ule wakati wa kusi na wakati wa kaskazi kwa miaka kadhaa.

Jambo la pili ni kama kifusi kinaweza kusaidiwa kutulia. Kwingineko wamejaribu kuweka mirundo ya mawe juu ya uwanja wa kifusi ili viluwiluwi vipate pa kushika. Kabla ya kununua vifaa vya kupandikiza matumbawe, vinavyopendwa na wafadhili kwa kuwa vinapendeza pichani, ningeanza na mawe katika miamba michache yenye mkondo mkali, na mingine kama hiyo niiache ilivyo kwa ajili ya kulinganisha.

La tatu halimhitaji mtu aloe. Vinasa sauti vikae majini mfululizo: Tanga, mbele ya Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara, na matokeo yake yatangazwe kila mwaka yakiwa mazuri au mabaya. Kati ya 1998 na 2003 hakukuwa na chombo cha kusikiliza mwambao mzima, na waliokuwa na uwezo wa kuchukua hatua walijua kwamba baruti imerudi wakati ilikwisha kuenea. Vifaa vya leo vinaweza kuachwa chini ya maji kwa majuma mengi na ni nafuu kuliko mafuta ya doria. Mlipuko wa kwanza wa Kigombe au wa Mnazi Bay unapaswa kumfikia mpelelezi kabla ya samaki wake hawajafika sokoni.